Hajala Kitu

Kufikia saa sita na nusu mchana, Yunia alikuwa amelia mpaka watu wa kwenye benchi wakaacha kumwonea huruma wakaanza kumchukia mama yake. Mtoto wa miaka minne, analilia uji tangu saa mbili asubuhi, kwa sauti ile ile moja: "Uji, mama. Uji. Uji." Mwanamume mmoja mwenye bandeji kichwani akageuka akasema kwa nguvu ili wote wasikie, "Kwani huyu mama hana hata mkate wa kumpa mtoto? Ai, watu wengine wanazaa tu."

Chemutai angemjibu nini? Kwamba mkate uko ndani ya mkoba, na chai iko kwa themosi, na aliambiwa mtoto asionje hata tone kuanzia saa sita za usiku? Aliinamisha kichwa akamtikisa mtoto magotini, na mtoto akalia zaidi kwa sababu ya kutikiswa.

Tarehe yao ilikuwa ya saa mbili, na saa mbili walifika, wa kwanza kabisa kwenye foleni. Halafu wakaletwa watu wa ajali ya lori kutoka upande wa Fort Ternan, na wa ajali huenda kwanza, hilo hakuna anayelibishia. Halafu mashine ikazimwa ipoe. Halafu mtu wa mashine akaenda kunywa chai. Kila dirisha lilipofunguka Chemutai alisimama, na kila mara aliambiwa, "Mama, kaa chini, utaitwa." Alisimama mara sita. Mara ya saba alibaki ameketi kwa aibu.

Hospitali yenyewe sina haja ya kuitaja. Ni ile kubwa ambayo watu wa majani chai hupelekwa wakishindikana kwa zahanati. Yunia alikuwa anaanguka. Tangu Februari, akiwa anacheza tu, macho yanageuka, mkono mmoja unatetemeka, anadondoka kama mzigo. Daktari akasema kichwa kipigwe picha kwa ile mashine kubwa ya mviringo. Walingoja tarehe miezi mitatu. Na kwa kuwa mtoto wa umri huo hatulii ndani ya mashine, ilibidi alazwe kwa dawa ya usingizi, na dawa ya usingizi inataka tumbo tupu. "Tupu kabisa," Sista Nyanchoka aliwaambia wiki iliyopita, macho yake yakiwa kwenye simu. Kwa nini tupu, hakusema. Chemutai naye hakuuliza. Nani anauliza sista?

Kitu kingine Chemutai alichokuwa nacho kichwani ni Kipruto. Kipruto alikuwa msimamizi wake kwenye shamba la chai, ambako yeye ni kibarua. Tangu kampuni ilete mashine za kuchuna, vibarua walikuwa wanapunguzwa kila mwisho wa mwezi, na Kipruto ndiye mwenye orodha. "Nimekupa siku moja, Chemutai," alimwambia. "Si mbili. Nisipokuona Jumatano usinitafute, watu wamejaa pale geti." Hakuwa mtu mbaya. Alisema huku akiangalia viatu vyake.

Kando ya Chemutai aliketi mama yake mzazi, aliyefika jana kutoka Sigor kuja kumshika mtoto mkono. Majirani wote wa kwenye laini za nyumba za wafanyakazi walimwita Kogo, yaani nyanya. Mume wa Chemutai, Seth, hakumwita jina lolote. Seth ni Mjaluo, amelelewa kumheshimu mama mkwe kwa kumkalia mbali, na kwa miaka sita ya ndoa hakuwa amemtazama usoni hata siku moja. Alimsalimu akiwa ameuangalia mlango. Kogo alilipenda jambo hilo. Aliwaambia wenzake kanisani kwamba mkwe wake ana adabu kuliko wavulana wetu.

Ndani ya kikapu cha Kogo kulikuwa na chupa ya plastiki ya mursik, maziwa yaliyolala kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa mpaka yakawa na rangi ya majivu. Alikuwa ameyaleta kwa ajili ya Yunia, anywe akishaamka.

"Mama, leta hiyo chupa," Chemutai akasema.

"Ya nini?"

"Lete tu."

"Walisema akiamka." Kogo alikishika kikapu kwa mikono miwili. "Si ni wewe uliniambia jana? Nikakuuliza hata maji? Ukasema hata maji."

"Ni kidogo. Ya kumnyamazisha."

"Chemutai, hawa watu wakikataza kitu wana sababu."

"Sababu gani, na mtoto anakufa njaa? Mama, wananiangalia!"

Tusidanganyane hapa. Njaa ya mtoto ilikuwa kweli, lakini Chemutai alikuwa ameivumilia kutoka asubuhi. Kilichomshinda ni yale macho. Angekuwa peke yake na Yunia chumbani, mtoto angelia mpaka jioni na asingempa kitu.

Kogo akaitoa chupa. Halafu akafanya jambo ambalo baadaye lilimnyima usingizi: alisimama, akafungua leso yake kana kwamba anaifunga upya, akawakinga wawili hao wasionekane na askari wa mlangoni. Nyuma ya leso Yunia aliidaka chupa kwa mikono yote miwili. Alikunywa bila kupumzika. Chemutai aliposema basi, mtoto hakuachia, ikabidi amnyang'anye, na kufikia hapo nusu ya chupa ilikuwa imekwenda. Chemutai akamfuta mdomo kwa kidole gumba, pamoja na vidoadoa vyeusi vilivyobaki kwenye pembe za midomo.

Mtoto akanyamaza. Benchi zima likashusha pumzi.

"Sasa si hivyo ndio vizuri," akasema mwenye bandeji.

Hazikupita dakika ishirini. Dirisha likafunguka. "Yunia Owiti!"

Sista Nyanchoka alikuwa na fomu na alikuwa na haraka. Hakuwa amekula mchana, na watu wa ajali walikuwa wamemharibia siku. Aliuliza maswali huku akiandika majibu kabla hayajatoka. Jina. Miaka. Kilo. Ana pumu? Anakoroma akilala? Ana mafua? Halafu akaweka kalamu kwenye kisanduku kimoja na kwa mara ya kwanza akainua uso.

"Amekula au kunywa nini tangu usiku? Na mama, nikuambie mapema ndio tusisumbuane. Kama amekula, mnarudi nyumbani. Tarehe ya karibu niko nayo ni ishirini na moja mwezi wa nane."

Nimelifikiria sana swali hili. Anayeuliza anataka ukweli, na hapo hapo anakuonyesha ukweli utakugharimu nini. Sista hakumwambia kwamba maziwa yaliyo tumboni yanaweza kurudi juu mtoto akiwa amelala. Alimwambia Agosti. Basi Chemutai akafikiria Agosti. Akafikiria mtoto akianguka Juni, akianguka Julai, akianguka siku moja karibu na jiko la makaa na yeye yuko shambani. Akamfikiria Kipruto na orodha yake.

"Hajala kitu," akasema.

"Hata maji?"

"Hata maji."

Nyuma yake Kogo akafungua mdomo. Chemutai akarudisha kisigino akamkanyaga mguu, si kwa nguvu, ila Kogo akaelewa. Akafunga mdomo.

"Weka sahihi hapa. Na hapa."

Dawa ya kwanza ilikuwa ya kunywa. Yunia akatema nusu, akalia, akasinzia, akaamka tena walipomlaza kwenye kitanda cha mashine. Mtu wa dawa ya usingizi akasema haijamshika. Akamwongeza ya sindano. Mtoto akaishiwa nguvu pale pale, mkono ukaning'inia.

Kuna kifaa kidogo hubanwa kidoleni kuonyesha hewa inayofika mwilini, na hewa ikipungua kinapiga kelele. Cha chumba hicho kilikuwa kimeazimwa na watu wa upasuaji tangu asubuhi. "Tutamwangalia kwa macho," mtu wa dawa akasema, na kweli akamwangalia, mpaka simu yake ikalia akatoka nje kidogo.

Dawa ile hailazi macho tu. Inalaza na koo. Mimi na wewe maji yakitupitia vibaya tunakohoa mpaka machozi yanatoka, na hicho kikohozi ndicho kinachotuponya. Yunia hakukohoa. Maziwa yalipanda taratibu kutoka tumboni, bila sauti, yakafika kooni yakakuta mlango wa mapafu uko wazi na mlinzi amelala, yakateremka pamoja na pumzi. Machachu, mazito, na unga wa mkaa ndani yake. Mashine iliendelea kunguruma. Nje mlangoni Chemutai alikuwa anamwambia mama yake, "Umeona? Amelala vizuri."

Mtu wa mashine aliona picha zinatingishika akaingia kumweka mtoto kichwa sawa. Akakuta midomo imekuwa zambarau.

Seth aliitwa kutoka kiwandani, sehemu ya kunyaushia majani. Alikuja na ovaroli, vumbi la chai kwenye nywele na kwenye nyusi. Alikuta mtoto ana mpira wa hewa mdomoni, kifua kinapanda kwa shida kikiingia ndani chini ya mbavu. Yunia alikuwa amepewa jina la marehemu mama yake Seth, na kwa hiyo Seth hakuwahi kumwita kwa jina hilo, alimwita Mama. "Mama," akasema sasa, ameinama kitandani. "Mama, nimekuja."

Daktari Ogeto alikuwa kijana, na alikuwa mwema, nataka hilo lijulikane. Aliwatoa wazazi kando, karibu na sinki. Kogo akafuata hatua tatu nyuma.

"Mama Yunia, nisikilize vizuri. Sikukamati. Sikuandiki popote. Nataka kujua tu. Mtoto alikula?"

"Nilisema hajala."

"Najua ulisema. Nauliza tena kwa sababu ziko njia mbili. Inawezekana dawa imembana kifua, hapo nampa mvuke na sindano ya kufungua. Inawezekana kuna kitu kimeingia kwa mapafu, hapo naingiza mpira chini sasa hivi, navuta, nasafisha kabla hakijaunguza. Kusafisha kwenyewe kuna hatari, anaweza kukosa hewa nikiwa naingiza, sitaki kumfanyia bure. Kwa hivyo niambie. Hata maziwa kidogo. Hata uji kijiko kimoja."

Chemutai akamtazama daktari. Neno lilikuwa limefika mdomoni, naapa lilikuwa limefika. Akafungua midomo. Na hapo Seth, ambaye alikuwa hajui lolote, na ambaye alimpenda mke wake, akaingilia.

"Daktari, amesema. Ameulizwa mara ngapi? Mnataka aseme amekula ndio iwe makosa yake? Mmempa mtoto dawa nyingi, sasa mnatafuta wa kumbebesha. Tunajua mambo yenu. Mke wangu hawezi kudanganya kwa mtoto wake."

Baada ya maneno hayo, unasema nini? Chemutai alilimeza neno lake. Akatikisa kichwa.

"Hapana, daktari. Hakuna kitu."

Kogo aligeuka akatazama ukuta.

"Sawa," Daktari Ogeto akasema. "Basi ni dawa." Akaenda kumwekea mvuke. Picha ya kifua ya jioni hiyo ilitoka safi, maana mapafu huchukua muda kuonyesha yalichofanyiwa, na kila mtu akapata moyo. Seth akamnunulia mke wake soda. Akamwambia, "Usiogope. Mimi niko na wewe." Chemutai akainywa yote.

Asubuhi yake, Jumatano, zamu ilikuwa ya nesi Johana, mtu mzima kutoka upande wa Kaplong, amezoea watoto. Alimkuta Yunia akiwaka homa, pumzi arobaini na kitu kwa dakika, na sauti kifuani ya maji yanayochemka. Akamvuta makohozi kwa mpira. Kilichokuja kilikuwa kijivu. Akavuta tena. Kwenye mpira ule mweupe kukapita vidoadoa vyeusi, kimoja, viwili, vingi.

Daktari Ogeto akadhani ni damu iliyokaa. Johana akatikisa kichwa. Akatia kidole, akasugua, akanusa. Ni mtoto gani wa huko kwao asiyejua harufu ile?

"Daktari, hii ni mkaa," akasema. "Hii ni mursik."

Johana akageuka, macho yake yakapita uso wa Seth, yakapita uso wa Chemutai, yakatua kwa mwanamke mzee mwenye leso na kikapu. Hakufikiria hata kidogo. Na wewe msomaji, kama usingekuwa umeambiwa, ungemtazama nani?

"Kogo," akamuuliza kwa Kikipsigis, kwa heshima, "ni wewe?"

Kogo alimtazama binti yake. Alimpa nafasi, na nafasi ilikuwa ndefu.

"Mimi nilikuwa nimeenda kwa dirisha kuuliza faili," Chemutai akasema.

Hivyo tu. Hakusema ni mama yangu. Hakuwa na haja. Kogo alimtazama kidogo tena, kama mtu anayesoma jina kwenye karatasi kuona kama ni lake. Halafu akasema, "Ni mimi. Nilimhurumia."

Seth akamgeukia. Kwa mara ya kwanza kwa miaka sita akamtazama mama mkwe wake usoni, macho kwa macho, na Kogo akainamisha kichwa kwa aibu ya kutazamwa.

"Ulikatazwa," Seth akasema. "Ulisikia umekatazwa. Na jana daktari ameuliza hapa mbele yako, umesimama hapa, umenyamaza. Wewe ni mtu wa aina gani? Mmezoea kunywesha watu maziwa yenu ya makaa hata kwa hospitali? Toka. Toka mbele ya mtoto wangu."

"Baba Yunia..." Chemutai akaanza.

"Usimtetee!"

Basi hakumtetea.

Daktari Ogeto aliingiza mpira chini akavuta kwa nusu saa, na mtoto akakosa hewa mara mbili akiwa mikononi mwake. Alipotoka jasho lilikuwa linamtiririka. "Jana mchana ningeyatoa," alimwambia Johana, na Chemutai alisikia kwa sababu alikuwa amesimama pale pale. "Leo yameshaunguza. Yamefika mpaka chini kabisa."

Mashine ya kupumulia ilikuwa moja, na ilikuwa na mtu wa ajali ya lori.

Saa nne Sista Nyanchoka alikuja na karatasi iliyokwisha kuchapwa. Siku hiyo alikuwa mpole sana, alimwita Kogo mama na akamvutia kiti. Karatasi ilisema nyanya wa mtoto alimlisha kinyume cha maagizo ya hospitali bila mzazi kujua. Kifaa cha kidoleni hakikuandikwa. Simu iliyolia haikuandikwa. Kogo hakujua kusoma Kiswahili vizuri, na hakuomba asomewe. Akapakwa wino kwenye kidole gumba, akabonyeza. Akapewa kitambaa cha kujifutia, akashukuru. "Kongoi," akasema.

Yunia alikufa siku hiyo hiyo saa tisa na dakika kumi, mchana, jua likiwa limetoka baada ya mvua. Alichoka tu. Pumzi za haraka zikawa za polepole, Johana akafinya mfuko wa hewa kwa mkono mpaka vidole vikamfa ganzi, akaambiwa aache. Seth alimwita, "Mama, Mama, Mama," mpaka akatolewa nje.

Chemutai alimkuta mama yake nyuma ya wadi, kwenye masinki ambako wanawake hufulia nguo za wagonjwa. Kogo alikuwa anaosha ile chupa. Alikuwa ameiosha ikawa safi kabisa na bado anaiosha.

"Mama, nitasema," Chemutai akasema. "Nitamwambia Seth yote. Wacha tuzike kwanza, halafu nitasema."

"Usiseme."

"Mama, si haki."

"Haki ni gani sasa?" Kogo akafunga mfereji. "Mimi ni mzee, narudi Sigor kwa ng'ombe wangu. Wewe ndio unaishi na hawa watu. Ukisema, utakaa na nani? Na mimi niliwafunika na leso, Chemutai. Sikukunyang'anya chupa. Ningekunyang'anya."

Chemutai akapiga magoti pale kwenye maji ya sabuni akamshika miguu. Akalia kwa sauti. Kogo akamwacha alie, mkono wake juu ya kichwa cha binti yake.

"Nataka kitu kimoja," akasema baadaye. "Nataka kumzika. Nimemshika huyu mtoto kabla yenu wote, mimi ndio nilimpokea akizaliwa. Sitaki kukaa na watu. Nitasimama nyuma kabisa, hata kama ni nje ya boma. Niombee tu kwa mume wako nisimame."

"Nitakuombea, Mama. Lazima uje. Nitakuombea leo."

Hakumwombea Jumatano. Seth alikuwa na hasira, akajiambia, wacha apoe. Hakumwombea Alhamisi, siku ambayo Kipruto alimtumia ujumbe wa pole na kumwambia akae nyumbani, asijali, jambo ambalo lilikuwa na maana zaidi ya moja. Hakumwombea Ijumaa.

Jumamosi saa mbili asubuhi pikapu ilikuja mochari kuchukua sanduku. Wangelipeleka kwao Seth, kule magharibi karibu na ziwa, na kuzika alasiri. Kogo alikuwa amefika kabla ya wote. Alikuwa amevaa nguo ya kanisani na sweta ya kijani, akasimama geti, hakusogea karibu. Seth alipomwona alipanda nyuma ya gari, akaketi kando ya sanduku, mkono mmoja juu yake.

Apiyo, shangazi yake Seth, alikuwa mwanamke mkubwa mwenye sauti ya kuongoza kwaya, na ndiye aliyekuja kusimamia mambo. Alimvuta Chemutai kando ya mlango wa mbele.

"Nyathina, mtoto wangu, sikiliza. Seth amesema yule mama asikanyage kwetu. Hiyo ni hasira. Mimi nimezika watoto wawili, najua hasira. Lakini wewe ndio ulibeba huyu mtoto tumboni. Ukiniambia mama yako aje amzike mjukuu wake, atapanda hapa mbele na mimi nitakaa huko nyuma na sanduku. Seth nitamnyamazisha mimi. Hawezi kunishinda. Sema tu neno."

Hapo ndipo palipokuwa pepesi kuliko pote. Hakuna aliyekuwa akimtishia. Hakuna Agosti, hakuna Kipruto, hakuna daktari. Alichotakiwa kusema ni "aje."

Chemutai akatazama geti. Kogo alikuwa anamtazama, mikono imeshika kikapu mbele. Na Chemutai akaziona siku tatu za matanga, wanawake wa kule wamekaa kwenye nyasi, mmoja anamuuliza mama yake, ilikuwaje, dada? Mwingine anauliza tena. Mama yake alikuwa amesema uongo mmoja tu maishani, na ulikuwa mfupi. Asingeuweza kwa siku tatu.

"Abaki," Chemutai akasema akitikisa kichwa.

"Una hakika, yawa, jamani? Kaburi halingojei mtu, kesho utajuta."

"Abaki, mama. Siwezi kumtazama."

Maneno hayo ya mwisho yalikuwa kweli. Apiyo akayasikia, macho yakamjaa machozi, akamkumbatia akamfunika kifuani mwake kote. "Pole," akasema. "Pole sana, mtoto wangu. Kufanyiwa hivi na mama yako mwenyewe. Sasa wewe ni wetu."

"Asante," Chemutai akasema.

Kogo hakuwa amesikia, lakini alikuwa ameona kichwa kikitikiswa. Walipokwisha kuketi mbele, Apiyo katikati na Chemutai dirishani, alikuja kutoka getini. Apiyo akakaza uso, akijua ataomba. Hakuomba. Pindo la gauni la Chemutai lilikuwa limebaki nje ya mlango, linagusa tope. Kogo akaliinua, akalikung'uta, akaliingiza ndani kando ya goti la binti yake ili lisibanwe. Akafunga mlango, akauvuta mara mbili kuona kama umeshika, akamwashiria dereva aende.